Uzito Juu ya Daraja la Lwasubi

Siku moja, katika miaka ambayo bado haijazaliwa, Tusekile alikuwa amelala kifudifudi juu ya Daraja la Lwasubi, shavu limegusa zege, akisikiliza. Vipimo alikuwa navyo, vingi kuliko vidole vyake, lakini kila ukaguzi aliuanza kwa shavu. Daraja lenye afya hunguruma polepole kama paka aliyeshiba. Hili lilikuwa linakwaruza.

"Majivu yameingia kwenye bawaba," alimwambia wifi yake Tumpale, aliyekuwa amekaa pembeni akimenya ndizi mbivu. "Zilitakiwa kufunguka kwa dakika moja. Sasa hivi nakadiria tatu, labda nne."

"Na mimi nakadiria ukiinuka hapo utakuwa na shavu moja jeupe," Tumpale akasema. "Baba akikuona atadhani kaka ameoa mzimu."

"Baba hanioni."

"Ndiyo nikasema akikuona."

Wakacheka. Katika kijiji cha Ikubo, alikoolewa Tusekile, mke hamtazami baba wa mumewe, na baba mkwe hamtazami mke wa mwanawe. Akimsikia anakohoa njiani, mke huingia migombani mpaka kikohozi kipite. Jina lake halitamki wala haliandiki. Watu wa mjini walisema mila hiyo ilishakufa na kuzikwa, lakini kule Ikubo ilikuwa hai na imenenepa. Kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa Tusekile alimjua baba mkwe wake, Mzee Ambilikile, kwa kikohozi, kwa harufu ya ugoro, na kwa vikapu vya viazi alivyompelekea kupitia Tumpale kila Tusekile alipojifungua. Hakuona kama ni mzigo. Aliona ni kamba, huku ameshika yeye, kule ameshika mzee, na hakuna anayemvuta mwenzake.

Mlima Rungwe ulikuwa umeamka miaka kumi na miwili kabla ya siku hiyo. Haukutoa moto mwingi. Ulitoa majivu, yakaulalia mgongo kama unga kwenye ungo, na kila mvua kubwa iliponyesha unga ule ukawa uji. Uji ukashuka mitoni umebeba mawe makubwa kama matrekta na miti mizima ya misindano na mizizi yake. Watu waliuita hivyo hivyo, uji, na hakuna aliyecheka alipolitaja neno hilo.

Basi Mamlaka ya Madaraja ilichimbia masikio ardhini kule juu mlimani, ikaweka Mbeya akili moja ya mashine, ikaiita Mizani. Kazi ya Mizani ilikuwa kupima kila daraja litafanyaje uji ukija. Iliuliza nafasi iliyopo chini ya sakafu ni kiasi gani, nguzo za katikati zitanasa magogo au zitayapisha, msingi umechimbwa na maji kiasi gani, na mwisho, watu wa ng'ambo watavuka kwa dakika ngapi. Maana daraja dogo likinasa magogo hugeuka bwawa, na bwawa likipasuka linashuka na nguvu maradufu mpaka Ibwenge, mji wa watu elfu sita, penye hospitali na Daraja Kuu. Kwa hiyo madaraja madogo yalitiwa bawaba. Mizani ikiamua, sakafu inafunguka katikati kama milango miwili ya kabati, kila upande unalala ukutani mwake, na uji unapita bila kushikwa.

Mizani ilipewa sheria moja ya huruma. Haikuruhusiwa kufungua daraja lenye uzito unaozidi kilo arobaini juu yake.

*

King'ora kililia saa tatu na dakika kumi asubuhi. Tusekile alikuwa bado na grisi mkononi. Sauti ikatoka kwenye nguzo ya pembeni, laini na safi kama ya msomaji wa taarifa.

"Uji umesikika. Utafika Lwasubi baada ya dakika thelathini na nne. Daraja litafunguliwa baada ya dakika mbili. Tafadhali ondokeni."

Tusekile alidhani amesikia vibaya. Akauliza mbona dakika mbili, na Ikubo yote ipo ng'ambo, imekaa kwenye ulimi wa ardhi kati ya mito miwili, haina njia nyingine ya kutokea.

"Ikubo haivukiki," Mizani ikajibu. "Kuvuka kunachukua dakika hamsini na mbili. Uji utawakuta watu juu ya daraja, na daraja halitaweza kufunguka. Ibwenge itapigwa. Wakazi wa Ikubo wanashauriwa kupanda kilima cha shule."

Kilima cha shule kilikuwa kimeliwa nusu msimu uliopita. Kila mtu alilijua hilo isipokuwa Mizani.

"Nani amekupa hizo hamsini na mbili?"

"Kipimo kimeingizwa na Mkaguzi Tusekile."

Alikumbuka zoezi la mwezi wa tatu, yeye amejificha migombani na saa ya kuhesabia kwa sababu aliyeongoza msafara alikuwa baba mkwe. Wazee walitangulia kwa heshima, polepole, mikono nyuma. Wake wa wana wao wakabaki ukingoni wakisubiri mzee wa mwisho avuke na apotee kwenye kona, ndipo wakanyage. Kwa dakika kumi na nane nzima daraja lilikaa tupu, hata kuku hakupita. Tusekile alijua sababu. Kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya kuandika sababu ya kuchelewa na jina la kiongozi wa msafara. Jina lile asingeweza kuliandika. Akaiacha nafasi ile nyeupe, akaingiza namba peke yake, akaenda kupika. Mkaguzi mgeni asingefanya kosa hilo; angeandika jina la mzee bila kuwaza na kuuliza kulikoni. Kosa lile lilimhitaji mkwe wa Ikubo.

Na mashine ikaiamini namba.

"Tumpale, kimbia," akasema. "Waambie waje wote, sasa hivi, wasibebe kitu. Wagonjwa wabebwe."

Tumpale alitupa ndizi, akavua viatu, akaondoka mbio. Tusekile akatembea hadi katikati ya daraja, akasimama.

"Uzito wa kilo sitini na tatu umehisiwa," Mizani ikasema. "Mkaguzi, tafadhali ondoka."

"Siondoki."

"Tafadhali ondoka."

"Nimesikia. Siondoki."

*

Redio ya kiunoni ikakoroma. Alikuwa Bwana Mtenga, msimamizi wa zamu kule Mbeya, mtu mpole aliyewahi kumfundisha kazi. Hakufoka. Alimwambia kwamba Ibwenge wanahamisha wagonjwa muda huo huo, kwamba vitanda vya watoto bado vipo ghorofa ya chini, na kwamba nguzo ya Lwasubi inanasa magogo, yeye mwenyewe Tusekile aliandika hivyo.

"Niliandika, na ni kweli," Tusekile akasema. "Ile hamsini na mbili ndiyo uongo."

"Uongo kivipi?"

"Ni aibu yangu, nitakueleza baadaye. Hawa wanaweza kuvuka chini ya nusu saa."

"Unaweza kuniapia?"

Hakuweza. Alitazama maji ya Lwasubi yaliyokuwa bado meupe, yanacheza na mawe kama hayajaambiwa. Watu mia nne na kumi na wawili huku. Elfu sita kule. Mizani isingepata shida, ingeweka sahani mbili na kusoma. Lakini sahani moja ilikuwa imewekewa jiwe, na aliyeliweka ni yeye.

"Nakupa ahadi," akasema. "Bawaba zinahitaji dakika tatu, labda nne. Dakika ya thelathini daraja litakuwa tupu, liwe liwalo."

"Hata kama kuna watu wamebaki?" Mtenga akauliza.

"Nimesema dakika ya thelathini."

Wakati anasema hivyo, Ikubo ikatokea kwenye mteremko. Wazee mbele kama kawaida, nyuma yao vijana na akina mama na watoto mgongoni. Walikuja kwa kasi mpaka mita ishirini hivi kutoka darajani, halafu msafara mzima ukasimama kana kwamba umegonga ukuta.

Mzee Ambilikile alikuwa amemwona mkwe wake katikati ya daraja. Akageuka akampa mgongo. Wazee wenzake nao wakageuka, na wake waliokuwa nyuma, walipoona nyuso za baba wakwe zinawaelekea, wakajitupa migombani kama kware. Tusekile naye alikuwa ameshageuka bila kujua, miguu ikikumbuka yenyewe. Wakabaki hivyo, migongo kwa migongo. Angeondoka, daraja lingefunguka. Angebaki, hakuna mzee ambaye angekanyaga.

Dakika nne zikapotea hivyo. Tumpale alienda na kurudi katikati yao akibeba maneno.

"Baba anauliza, akikaa yeye hapo badala yako, hiyo mashine itamhisi?"

"Mwambie itamhisi."

"Anauliza inataka kilo ngapi."

"Zizidi arobaini."

Tumpale akaenda, akarudi akihema. "Anasema anazo, na zinazozidi ni za ugoro. Anasema ushuke ukafanye kazi uliyosomea."

Kisha Tusekile akasikia fimbo inagonga zege, ngo, ngo, ngo, ikija. Hakutazama. Fimbo ikampita kwa hatua tatu, na mtu akakaa chini kwa kishindo. Alipoiba jicho aliona rundo la blanketi la kijivu, limefunikwa kuanzia juu mpaka kwenye vidole vya miguu.

Sauti ikatoka ndani, kubwa, ya mtu aliyezoea mikutano. "Wazee wenzangu, mnisikilize. Mimi sasa ni gunia la viazi. Gunia halina mkwe. Kila mmoja ajifunike kichwa, blanketi, koti, hata kikapu, anyooshe fimbo mbele. Nanyi wanangu mliojificha huko, tokeni. Kila mmoja ashike ncha ya fimbo ya gunia lake, alivute. Asiyetaka kuvutwa abaki na uji."

Mzee mmoja akanung'unika kwamba hajawahi kuongozwa na mwanamke. Tumpale akamuuliza kwani alizaliwa na nani. Kikapu cha kwanza kikapanda kichwani.

*

Chini ya sakafu, Tusekile alining'inia kwenye ngazi ya chuma na spana mkononi, akikwangua majivu kwenye bawaba ya kushoto na kupaka grisi. Juu yake nyayo zilipita bila kukatika. Ile ya kulia ilikubali haraka. Ya kushoto ilikuwa imeota kutu katikati ya pini, na kila alipoigonga iliteleza kidogo kama mtu mvivu anayeamshwa.

Ili watu wasikimbie wakakanyagana, na wasizubae, gunia la katikati lilikuwa likitega vitendawili, nao wakijibu kwa mwendo.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nina Ikubo nzima mgongoni na sijainuka nilipo."

"Daraja."

"Kitendawili."

"Tega."

"Anakuja kutembea, anaondoka na shamba."

"Uji." Hilo lilijibiwa kwa sauti ndogo.

Halafu sauti nyembamba ya mke mmoja kijana ikasema, "Kitendawili." Nyayo zikasita. Hajapata mkwe kumtegea baba mkwe tangu Ikubo iwe Ikubo. Ndani ya blanketi pakakohoa.

"Tega."

"Namjua kwa kikohozi, sura yake sijaiona."

Daraja likatikisika kwa kicheko mpaka majivu yakamdondokea Tusekile machoni. Mzee alisubiri wanyamaze.

"Nimeshindwa," akasema. "Chukua mji. Chukua Ibwenge yote."

Wakacheka tena. Tusekile hakucheka. Ibwenge ilikuwa na wenyewe. Haikuwa ya mtu yeyote kutoa pale, si mzee, si yeye na spana yake. Akaongeza nguvu. Kila mara alitazama saa: dakika ya kumi na tisa, ya ishirini na tatu. Kwenye ya ishirini na saba alihisi ngazi inatetemeka mkononi, mtetemo usio wa miguu ya watu. Mlima ulikuwa unateremka.

Akapanda juu, akasimama upande wa salama. Msafara ulikuwa umevuka, vikapu na mablanketi vimekaa kwenye majani vikihema, wakwe zao wamewapa migongo kwa adabu kana kwamba hakuna kilichotokea. Tumpale alihesabu kwa kidole, akarudia.

"Mia nne na tisa, pamoja na Baba."

Watatu waliobaki walionekana kwenye mteremko. Vijana wawili walibeba machela, na juu ya machela alilala Bibi Syabumi, dada mkubwa wa mzee, ambaye miguu yake ilikufa zamani. Walikuwa hatua mia na hamsini kutoka darajani, wakiteleza kwenye utelezi.

"Dakika ya thelathini," Bwana Mtenga akasema kwenye redio. "Mkaguzi."

Mzee bado alikuwa katikati. Alisikia redio. Akauliza kutoka ndani ya blanketi, safari hii bila kumtuma mtu, "Mkwe, umewaahidi thelathini?"

"Nimewaahidi."

"Hao watatu wako wapi?"

"Hawajafika darajani."

"Yule ni dada yangu, kwa hiyo mimi usiniulize," akasema. "Ukisema niinuke, nitainuka. Ukisema nikae, nitakaa."

Hakuna kipimo cha jambo lile. Tusekile aliona vitanda vya watoto ghorofa ya chini, vitanda ambavyo hakuwahi kuviona. Aliona vidole vya Bibi Syabumi vimeshika kingo za machela. Alijua anachokitoa ni sekunde za watu wengine, watu ambao hawakuwepo kukataa. Hakujidanganya kwamba anazo za kwake.

"Kaa," akasema.

Redioni Mtenga alitaja jina lake mara moja, taratibu.

Ziliisha sekunde sabini. Machela ikapita mbele ya blanketi ikikimbia, na Bibi Syabumi akalipiga gunia kofi la mgongo akipita. Tusekile akaingia darajani, akashika ncha ya fimbo ya baba mkwe wake.

"Inuka. Mbele ni sawa, kimbia."

Wakakimbia, yeye mbele, blanketi nyuma likipepea. Walipogusa udongo Mizani ikasema, "Daraja ni tupu," na bawaba zikaanza kulia.

Upande wa kulia ulilala vizuri. Wa kushoto ulishuka nusu, ukasita, ukashuka tena. Uji ukatokea kwenye kona, mweusi, mzito, si wa haraka kama watu wanavyodhani, ila hausimamishwi na kitu. Gogo la kwanza lilinasa kwenye upande uliochelewa. La pili likalilalia. Tope likavimba nyuma yao, likapanda mpaka ilipokuwa sakafu, na Tusekile akahesabu pumzi zake: nne, tano, sita. Kwenye ya saba bawaba ikakatika, na kile kivimbe kikaondoka kuelekea Ibwenge.

Ng'ambo, paa za Ikubo ziliingia kwenye tope moja baada ya nyingine, kimya kimya. Watu wa Ikubo walitazama wamesimama.

*

Bwana Mtenga alifika saa nane mchana kwa kindege kidogo cha Mamlaka. Habari za Ibwenge alizitoa zote: kivimbe kiliruka juu ya Daraja Kuu, kikang'oa kingo na bomba la maji la hospitali, kikachukua lori lililokuwa limeachwa. Hakuna aliyekufa. Muuguzi mmoja alivunjika mkono akikimbia na mtoto.

"Kidogo tu na huyo mtoto angekufa," Mtenga akasema.

"Najua," Tusekile akajibu. "Sekunde sabini ni zangu. Ziandike kwa jina langu."

Mtenga akamwonyesha taarifa iliyokwisha andaliwa. Ilisema wakazi wa Ikubo walichelewa kutii onyo, na mkaguzi alilazimika kusubiri. Akimaliza kusaini atapumzishwa kazi mwezi mmoja, mambo yatatulia. Alisema hivyo kwa wema, na Tusekile aliuona ule wema, na hakuutaka.

Alichukua kalamu, akafuta mistari yote. Akaandika kwamba Ikubo ilivuka kwa dakika ishirini na nne tangu mtu wa kwanza akanyage. Akaandika kwamba aliyekosea ni mkaguzi, kwamba kipimo cha mwezi wa tatu kiliingizwa bila kuandikwa sababu, na sababu yenyewe akaieleza yote, heshima ya wakwe na daraja lililokaa tupu. Kwenye nafasi ya kiongozi wa msafara aliandika: baba wa mume wangu, muulizeni mwenyewe jina.

"Kuna jingine," akasema. "Vile vijiji vya juu, Mizani imevipimaje?"

Mtenga alitazama chini. Kumbe mashine ilikuwa imejifunza kutoka Ikubo. Vijiji kumi na saba vyenye mila ile ile vilipewa hamsini na mbili ile ile, na vyote vilikuwa vimeandikwa haivukiki. Kuibadilisha namba kunahitaji kikao cha wakuu, na kikao kimepangwa mwezi ujao.

"Mvua ni kesho kutwa," Tusekile akasema.

"Najua mvua ni lini."

"Basi hatusubiri kikao."

Mtenga alimkumbusha kwamba tangu saa hiyo si mkaguzi, kitambulisho chake kimezimwa, na hakuna daraja litakalomtii. Tusekile akakivua shingoni na kumpa. Akamwambia kwamba madaraja hayahitaji kumtii mtu, yanahitaji kilo arobaini tu, na kilo Ikubo wanazo.

Wanawake walikuwa wameshasimama. Hakuna aliyewaita. Tumpale alikuwa wa kwanza, bado hana viatu, nyuma yake yule mke kijana wa kitendawili, nyuma yake wengine thelathini na kitu, vitenge vimefungwa kiunoni. Wazee walikuwa wamekaa kwenye majani, mablanketi yamerudi mabegani, wakitazama upande mwingine kwa adabu zote. Ila Mzee Ambilikile, akiwa amewapa mgongo, alinyoosha mkono na kuiweka fimbo yake njiani, ichukuliwe na anayetaka.

Walifika Daraja la Kasyembe saa kumi. Lilikuwa dogo, jembamba, nguzo moja katikati ya maji, na kijiji kizima ng'ambo kikipika chakula cha jioni bila kujua kwamba kimeshaandikwa hakivukiki. Wakaingia katikati, wakakaa chini wakiwa wamenyoosha miguu.

"Uzito wa kilo elfu moja mia tisa na arobaini umehisiwa," Mizani ikasema. "Tafadhali ondokeni. Daraja hili limeshapimwa."

"Lilipimwa vibaya," Tusekile akasema, akalaza shavu kwenye zege. "Tunalipima upya."